Sabufa inavuma chumbani? Sogeza kochi kabla hujaongeza hela

#1 Fundi Mawimbi

Wakuu, salaam.

Hapa kijiweni kwangu ninapotengeneza amplifaya kuna swali haliishi: "Fundi, chumba changu kidogo, besi haieleweki, ninunue sabufa ya inchi ngapi?" Jibu langu humkera mtu aliyekuja na hela mkononi, maana namrudisha nyumbani na tepu apime chumba, kisha asogeze kochi. Naandika uzi huu ili nikiulizwa tena nitume linki tu.

Tuchukue chumba cha kawaida, futi 10 kwa 12, dari futi 9. Kwa mita ni 3.05 kwa 3.66, kimo 2.74. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 40 Hz (mitikisiko 40 kwa sekunde) lina urefu wa mita 8 na nusu. Chumba hakilitoshi hata nusu yake. Linagonga ukuta, linarudi, linapishana na linalokuja, na kwenye masafa fulani yote mawili yanasukuma kwa pamoja, sauti inajaa na kukataa kuondoka. Masafa hayo unayapata kwa kugawanya 343 kwa urefu uliozidishwa kwa mbili. Chumba chetu kwa urefu kinatoa 47 Hz, kwa upana 56, kwa kimo 63.

Sasa weka rumba. Nota ya A ya chini kwenye gitaa la besi ni 55 Hz. Mpigaji anatembea kwenye nyuzi kwa nguvu ileile, lakini kila akigusa A chumba kinanguruma, akishuka mpaka E ya 41 Hz besi inanywea kama vile amechoka. Hapo mtu anasema sabufa mbovu. Sabufa nzima, kinachopiga kelele ni ukuta.

Na kuta zetu zinazidisha. Nyumba nyingi za Marekani zimejengwa kwa fremu za mbao na jipsamu, zinatikisika kidogo na sehemu ya besi inapotelea humo. Tofali la saruji la inchi 6 lenye lipu pande zote mbili linarudisha karibu kila kitu. Ndiyo maana ushauri wa video za YouTube tuuchukue kwa akili, wale wanaongelea nyumba nyingine kabisa.

Cha kufanya. Kwanza kiti. Mawimbi haya hujaa kwenye kuta na kupungua katikati ya chumba. Ukiegemea ukuta wa nyuma unapata besi ya kupitiliza, ukikaa katikati kabisa ya urefu ile 47 Hz inatoweka. Pa kuanzia ni karibu asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta mmojawapo. Kwa chumba hiki, kichwa chako kiwe mita 1.4 kutoka ukuta wa nyuma. Si amri ya serikali, ukisogea sentimita 20 huku au huko ukasikia vizuri zaidi, baki hapo.

Pili spika mbili. Wewe na spika mfanye pembetatu ya pande sawa. Kwa kiti hicho, spika ziachane kama mita 2.2, uso wa spika uwe sentimita 35 hivi kutoka ukuta wa mbele, twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) usawa wa sikio. Aliyekaa kwenye kochi sikio lake liko karibu mita moja kutoka sakafuni, basi spika iliyo juu ya kabati la nguo inawapigia mijusi. Upande wa kulia na wa kushoto ufanane. Spika moja ikiwa kwenye kona na nyingine karibu na mlango, mwimbaji hatasimama katikati hata uzigeuze vipi.

Tatu ndiyo sabufa. Iweke juu ya kochi, palepale unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe ndiye utambae sakafuni ukizunguka chumba, kichwa chini. Mahali ambapo kila nota inasikika kwa kiasi kimoja, hapo ndipo pa kuiweka. Inafanya kazi kwa sababu ukibadilishana nafasi baina ya chombo na sikio, njia ya sauti ni ileile. Funga mlango, wakwe wasije wakaingia.

Karibuni tujadili.

#2 Singeli Damu

Siti ya mbele nimeshakaa 😂 Kutambaa sitambai mkuu. Mie nina mashine ya watts 8,000 na ukutani nimebandika trei za mayai, studio kabisa.

#3 Fundi Mawimbi

Hizo 8,000 ni PMPO, namba ya kwenye boksi. Geuza mashine nyuma usome umeme inaokula. Kama inavuta wati 60 kutoka kwenye soketi, haiwezi kutoa 8,000 kwenye spika hata ikiombewa. Tafuta RMS, nguvu halisi inayoweza kutoa mfululizo.

Trei za mayai zitoe leo. Ni karatasi nyembamba, zinagusa sauti za juu kidogo tu, besi inapita kama hazipo, na zinashika moto upesi.

#4 Kisiki cha Mpingo

Mkuu Fundi, naomba nipingane kidogo. Mimi nasikiliza muziki toka enzi za kaseti na siku zote tumeambiwa spika zivutwe mbele, angalau mita moja kutoka ukutani, jukwaa la sauti, ile hisia ya waimbaji na vyombo kupangika mbele yako, lipate kina. Wewe unazibandika sentimita 35. Huko ni kuziua.

#5 Fundi Mawimbi

Mzee wangu, kwa ukumbi mkubwa uko sahihi. Chumba kidogo kina shida yake.

Wufa, ile spika kubwa ndani ya boksi, inatoa sauti za chini pande zote, hata nyuma. Ile ya nyuma inagonga ukuta na kurudi. Umbali wa kutoka uso wa spika mpaka ukutani ukiwa robo ya wimbi, ile inayorudi inafika kinyume na ya mbele na zinauana. Mita moja: 343 gawanya kwa 4 unapata 86 Hz. Umetoboa shimo pale ngoma kubwa inapokaa, na pale spika inapokabidhiana na sabufa. Sentimita 60, shimo linahamia 143 Hz. Sentimita 35, linapanda mpaka 245. Shimo halijafa, lakini kwenye 245 paneli nene ya pamba inaanza kusaidia. Kwenye 86 pamba ya kawaida haina msaada wa maana.

Kulishusha chini ya 80 Hz, eneo ambalo sabufa imeshachukua kazi, inabidi uvute zaidi ya mita 1.07. Kwenye chumba cha futi 12 ukivuta hivyo na kochi likae mita 1.4 kutoka nyuma, unabaki umekaa mapajani mwa spika. Kama spika zako zina tundu nyuma, acha upenyo wa kama sentimita 10 lipumue.

#6 Kisiki cha Mpingo

Hesabu nimeielewa. Kina cha jukwaa bado nakidai.

#7 Fundi Mawimbi

Unadai haki yako mzee. Kikipungua, geuza spika zikutazame kidogo kidogo mpaka mwimbaji atulie katikati. Ila mita 1 kwenye chumba hiki siisaini.

#8 Mpangaji Sinza

Habari wakuu. Chumba changu 10 kwa 10, futi zote mbili sawa, dari nayo kama 9 na nusu. Sabufa ni zile za 2.1 za mtaani, boksi moja na vispika viwili vidogo. Ipo kona. Besi ni vurugu, na sauti ya mtangazaji wa mpira inatokea kona ya chumba badala ya kwenye TV. Halafu jirani analalamika, mimi mwenyewe sisikii besi ya kutosha!

#9 Fundi Mawimbi

Umeleta mambo matatu, na yote ni ya kweli.

Chumba cha mraba ndicho kigumu kuliko vyote. Urefu 56 Hz, upana 56 Hz, na kimo chako karibu 59. Zote zimerundikana pamoja, kwa hiyo ile A inapigwa mara tatu. Huwezi kuvunja ukuta wa mwenye nyumba, basi pambana na nafasi: usikae ukutani, usikae katikati, na sabufa itoke kona. Kona inachochea mawimbi yote kwa nguvu zake zote.

Mtangazaji kusikika kutoka kona: hivyo vispika ni vidogo mno, haviwezi kushuka chini, kwa hiyo kiwandani wameiachia sabufa ibebe mpaka 150 Hz au zaidi. Humo mna sehemu ya sauti ya mwanaume. Sikio haliwezi kutambua mahali ilipo 50 Hz, lakini kwenye 150 linaanza kutambua. Kwa hiyo kwa mashine za 2.1 usiende mbali, sabufa ikae katikati ya vispika au kando yake kidogo, chini ya TV. Kutambaa chumba kizima ni kwa mwenye sabufa ya kujitegemea inayokatwa 80 Hz.

La jirani: je, ukuta wako umefika mpaka juu kwenye bati, au umeishia usawa wa dari?

#10 Mpangaji Sinza

Umeishia usawa wa dari. Juu ni wazi, ukikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha nne anakuambia pole.

#11 Fundi Mawimbi

Basi besi yako inapita juu ya jipsamu na kushukia kwa jirani. Kwake inaweza kusikika nzito kuliko kwako, kwa sababu labda kitanda chake kimeegemea ukuta na wewe umekaa kwenye shimo. Ukisogeza kiti ukatoka shimoni utapunguza volyumu mwenyewe. Godoro chini ya sabufa linazuia mtikisiko wa sakafu tu, inayopita hewani itaendelea kwenda.

#12 Dada Vipimo

Asante kwa madini kaka Fundi. Naongeza mawili, na moja ni la kukupinga.

La kwanza, acheni kubishana kwa masikio, pimeni. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa REW, Room EQ Wizard, ya John Mulcahy. Ukiwa na maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 ya miniDSP, inakuja na faili lake la marekebisho, unachomeka USB na unaona mlima wa 56 Hz kwa macho. Asiye na maikrofoni apakue programu ya simu inayotoa toni, acheze 40, 45, 50 mpaka 120 na aandike zipi zinajaa na zipi zinapotea. Maikrofoni ya simu haiaminiki kusoma besi kwa namba kamili, lakini kulinganisha sehemu mbili kwa toni ileile inatosha.

La pili, umeandika uzi mzima wa sabufa moja. Kwa chumba cha mstatili, mbili ndogo zinaishinda moja kubwa. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, alilichambua hili mwaka 2002, akajaribu mipangilio mingi, na akaonyesha kwamba sabufa nne katikati ya kuta nne zinatuliza besi vizuri sana kwenye viti vyote, na mbili zikiwa katikati ya kuta zinazotazamana zinakaribia hapo. Zaidi ya nne hakuna faida ya kufukuzia.

Chukua chumba chako cha 10 kwa 12. Moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Wimbi la 47 Hz huku likisukuma kule linavuta; ukilisukuma ncha zote mbili kwa pamoja linajifuta. La upana, 56 Hz, halina nguvu katikati ya upana, na sabufa zote ziko hapohapo, kwa hiyo haliamshwi. Milima miwili mikubwa imeondoka bila ekwalaiza.

#13 Fundi Mawimbi

Dada, fizikia siibishii. Nabisha mfuko. Mtu ana laki mbili, unamwambia anunue sabufa mbili?

#14 Dada Vipimo

Namwambia mwenye laki nne asinunue moja ya laki nne. Mwenye laki mbili anunue moja nzuri sasa, ya pili baadaye. Na ya pili si lazima iwe kubwa.

#15 Fundi Mawimbi

Hapo tumekutana. Ila zikiwa mbili, zifanane. Yenye tundu na iliyofungwa hazishuki sawa. Ya tundu chini ya masafa iliyotuniwa inaporomoka desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka nusu, iliyofungwa 12, na huko chini zinaanza kupingana. Anayechanganya akubali kupima.

#16 Singeli Damu

Trei nimetoa. Sasa niweke nini ukutani? Na ekwalaiza si ingemaliza yote haya?

#17 Dada Vipimo

Ekwalaiza inakata milima vizuri. Mashimo usiyajaze. Kuongeza desibeli 10 kunataka nguvu ya amplifaya mara 10, na kwenye shimo lile wimbi linalorudi nalo linaongezeka, kwa hiyo bado zinauana. Utachoma koili kwa besi usiyoisikia. Mpangilio ni huu: nafasi kwanza, kata milima baadaye, kwa kiti chako.

Ukutani: paneli za sentimita 10. Fremu ya mbao, ndani pamba ya kioo au ya mwamba kama unaipata, juu kitenge au kitambaa chochote unachoweza kupulizia hewa ikapita. Ukitumia sponji ya godoro, ibane mdomoni upulize. Hewa ikigoma, sauti nayo itagoma. Godoro la sufi la zamani ni zuri, watu wanayatupa bure. Pa kuziweka unapapata kwa kioo: mwenzako atembeze kioo kwenye ukuta wa pembeni, wewe umekaa, pale utakapoiona spika kwenye kioo ndipo paneli inapokwenda. Zulia mbele ya kochi, hasa kama sakafu ni ya marumaru.

Lakini msidanganyane kwamba hizo zinameza besi. Robo ya wimbi la 80 Hz ni zaidi ya mita moja. Hakuna atakayejaza chumba pamba kiasi hicho.

#18 Nahodha wa Muscat

Salaam alaikum jamani. Nipo Muscat. Chumba changu ni majilisi ndogo, mita 4 kwa 3 na nusu, tunakaa chini kwenye matandiko yaliyozunguka kuta zote. Mazulia tele, mito tele. Muziki umekuwa kama umefunikwa blanketi, lakini besi ndiyo inazidi. Imekuwaje?

#19 Fundi Mawimbi

Alaikum salaam Nahodha. Mazulia na mito imekula sauti za juu, besi imebaki bila wa kuigusa. Na wote mmeegemea kuta, penye besi nyingi kuliko popote chumbani. Kama kuna tandiko la msikilizaji mkuu, livute sentimita 70 kutoka ukutani, weka mito mikubwa nyuma yake. Shusha sabufa. Spika nazo zishushe, maana sikio la aliyekaa chini liko sentimita 70 au 80 tu, au zielekeze chini kwa kuinua nyuma yake. Kwa wageni walioegemea kuta besi haitakuwa ya haki hata ufanyeje. Wape kahawa.

#20 Mwana wa Mji Mkongwe

Mie nakaa nyumba ya mawe huku Unguja. Chumba mita 6 na nusu kwa 2.7 tu, boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana. Nipo ghorofani, sakafu boriti na chokaa. Nasikiliza taarab. Spika niziweke ukuta mrefu au mfupi?

#21 Fundi Mawimbi

Ukuta mfupi. Ukiziweka ukuta mrefu utalazimika kuegemea ukuta wa nyuma. Urefu wako unatoa 26, 53 na 79 Hz, upana 64. Hiyo 26 taarab haifiki huko, usiiwazie. Kaa kama mita 2 na nusu kutoka ukuta wa mbele, nusu ya nyuma ya chumba iwe ya vitabu na makabati. Kuta za pembeni ziko karibu mno, fanya kile alichosema Dada Vipimo cha kioo, la sivyo fidla zitakukata sikio. Kwako godoro chini ya sabufa ni lazima, sakafu ya boriti hupeleka mtikisiko kwa wa chini kama umempigia simu.

#22 Mpangaji Sinza

Wakuu mrejesho. Sabufa ipo chini ya TV, kochi nimelivuta kutoka ukutani, mtangazaji amerudi kwenye TV. Ile nota ya kunguruma imepungua sana. Swali: nyuma ya sabufa kuna swichi 0 na 180, ni ya nini? Na sasa besi ikiwa safi nasikia kitu kinalia trrrr, sijui dirisha sijui dari.

#23 Fundi Mawimbi

Swichi ni ya fezi, inapanga sabufa na vispika visukume kwa pamoja badala ya kupingana. Cheza toni karibu na pale sabufa inapokabidhiana na vispika, kwako jaribu 150, wenye kukata 80 wacheze 80. Kaa kwenye kochi, mwenzako abadili swichi. Upande unaosikika kwa nguvu zaidi ndio sahihi. Basi, usiiguse tena mpaka uhamishe vitu.

La trrrr: ulipokuwa na vurugu ya besi lilikuwepo, lilifichwa tu. Tumia programu ya toni, panda polepole kutoka 40 mpaka 120, ukilisikia simamisha hapo na upite na kiganja ukibonyeza kitu kimoja kimoja: vioo vya luva, bawaba za mlango, mfuniko wa feni, fremu za picha. Vioo vya luva dawa yake ni vipande vya raba kwenye vishikizo. Usipokipata chini, ni jipsamu imelegea kwenye mbao zake, panda na skrubu za kutosha, na uwe umemwambia mwenye nyumba.